Namna ya kusoma Great Expectations hadi ukurasa wa mwisho, kisha kutazama filamu zake bila kuharibu utamu

Ujumbe ninaopata kuhusu Great Expectations, riwaya ya Charles Dickens, ni ule ule kila mara. "Nimeanza, nimefika sura ya ishirini na kitu, nimeacha." Mwingine anasema alitazama filamu kwanza na sasa kitabu hakisogei. Kuna aliyeanza mara tatu, akaishia makaburini, yaani sura ya 1, mara zote tatu.

Siwacheki. Mimi nilikiacha mara mbili kabla ya kukimaliza, na zote mbili nilikiacha palepale wengi wanapokiachia. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba kosa halikuwa Kiingereza changu. Nilikuwa nakisoma vibaya.

Mwongozo huu basi hauna habari za Charles Dickens alizaliwa wapi na alioa nani. Ni wa mtu mwenye Kiingereza cha shule, anayetaka kuimaliza riwaya hii yenyewe, si muhtasari wake, halafu atazame filamu akijua anatazama nini. Siri inayofichuka sura ya 39 sitaitoa popote. Hatua ya 8 na ya 9 zinagusa mwisho wa hadithi, kwa hiyo ziache hadi utakapomaliza.

## Vitu vya kuandaa

Nakala kamili. Hakimiliki ya riwaya hii ilikwisha zamani, hivyo unaipata bure na kihalali kwenye tovuti ya Project Gutenberg, kitabu namba 1400. Inasomeka vizuri kwenye simu. Nakala ya karatasi ya mtumba pia inafaa, ilimradi haijafupishwa.

Kitabu cha kusikiliza. LibriVox wanazo rekodi za bure zilizosomwa na watu wa kujitolea. Pakua sura tano za mwanzo tu, zinatosha.

Daftari dogo na penseli. Programu ya simu ya kuandikia nayo ni sawa, ila ukurasa wa majina ya wahusika (Hatua ya 4) unataka kuwa wazi mbele yako wakati unasoma, na simu haiwezi kuonyesha vitu viwili kwa raha.

Nusu saa kwa siku. Usitenge zaidi ya hapo.

Mtu mmoja wa kusoma naye. Si lazima, lakini waliomaliza ninaowajua, wengi walikuwa wawili wawili.

Usichohitaji: kamusi nene, na ule utangulizi mrefu ulioandikwa na profesa mwanzoni mwa matoleo mengi. Utangulizi ule unamwaga siri zote kwenye kurasa kumi za kwanza, kana kwamba kila mtu amekwisha kukisoma. Uruke, utausoma baadaye.

## Hatua ya 1: Hakikisha kitabu chako ni kizima

Masoko yamejaa matoleo yaliyofupishwa kwa ajili ya wanafunzi, na mengine hayasemi kwenye jalada kwamba yamefupishwa. Fungua mwisho. Ukikuta sura ya 59, umepata kitabu. Usipoikuta, unacho kivuli chake. Angalizo: matoleo mengine yamegawa kitabu mafungu matatu na kila fungu linaanza kuhesabu sura upya, hapo jumlisha: 19, 20 na 20.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu wafupishaji hukata vichekesho ili wabakize matukio, na kitabu hiki bila vichekesho vyake ni mlolongo wa misiba. Mtu akisoma toleo fupi akasema ni cha huzuni na kinachosha, amesema kweli kuhusu alichokisoma.

## Hatua ya 2: Kigawe kama kilivyogawiwa

Riwaya hii haikutoka kama kitabu. Ilitoka vipande 36, kipande kimoja kila wiki, katika jarida la Dickens mwenyewe lililoitwa All the Year Round, kuanzia Desemba 1860 hadi Agosti 1861. Kila kipande kilikuwa sura moja au mbili, na ilibidi kiishe namna ya kumfanya msomaji atoe pesa tena wiki inayofuata.

Ukikifakamia sura nane kwa usiku mmoja unafanya jambo ambalo mwandishi hakulitarajia: vitanzi vyote vya mwisho wa sura vinapotea, unabaki na uchovu. Ni kama tamthilia ya redioni, utamu wake ni kusubiri.

Mpango wangu: sura moja kwa siku, siku sita kwa wiki. Siku ya saba ni ya kufidia. Kwa wiki 10 umemaliza sura zote 59 na siku moja inabaki. Sura nyingi ni za dakika ishirini hivi, chache zinafika nusu saa.

Onyo: ukipitwa na siku tatu, usijaribu kuzilipa zote Jumapili. Songeza tu tarehe ya kumaliza. Waliojaribu kulipa deni lote kwa mkupuo ndio hao waliokiacha.

Utajua mpango umekushika siku utakapofunga simu mwisho wa sura huku roho inakuuma kuendelea. Funga hivyo hivyo.

## Hatua ya 3: Soma sura ya 1 kwa sauti

Hapa ndipo wa kwanza wanapoangukia. Sentensi ya kwanza ni ndefu, ina jina la ukoo, jina la ubatizo na ulimi wa mtoto. Maana yake kwa Kiswahili cha kawaida: jina langu ni Philip Pirrip, nilipokuwa mdogo ulimi ulishindwa kulitamka, nikajiita Pip, na Pip likanikaa. Basi. Nyumba gani haina mtu mzima anayeitwa hadi leo jina alilolikosea utotoni?

Baada ya hapo mtoto yuko makaburini, peke yake, kwenye vinamasi vya Kent, mashariki ya London karibu na mto Thames. Hajawahi kuwaona wazazi wake. Kwa hiyo anaangalia maandishi ya jiwe la kaburi, na kwa umbo la herufi anaamua baba yake alikuwa mtu mnene, mweusi wa nywele, zenye kujikunja. Ndugu zake watano waliokufa wakiwa wadogo wana vijiwe vidogo vimepangwa safu. Anaamini kwa dhati kwamba walizaliwa wamelala chali, mikono mifukoni.

Ukicheka hapo halafu ukajisikia vibaya kwa kucheka, umekielewa kitabu. Kimeandikwa chote kwa sauti hiyo.

Halafu anatokea mfungwa mtoro mwenye pingu mguuni. Anampindua mtoto miguu juu kichwa chini ili mifuko yake imwagike, na Pip anatuambia kwamba kanisa ndilo lililopinduka, mnara akauona chini ya miguu yake. Soma aya hiyo mara mbili.

Mfungwa anadai vitu viwili: tupa, na kitu anachokiita "wittles". Usikitafute kwenye kamusi ndogo. Watu wa chini katika kitabu hiki hubadilishana v na w, na neno analolitaka ni "victuals", yaani chakula, ambalo Waingereza hulitamka "vittles". Akisema "pint" wakati anaonyesha mahali kwa kidole, anataka kusema "point". Ndiyo maana nasema soma kwa sauti, au sikiliza rekodi huku macho yako kwenye maandishi: jicho linakwama kwenye tahajia, sikio halikwami. Ni sawa na mtu wa Dodoma anayeambiwa "ndoo" Mombasa akaanza kutafuta maji, kumbe ameambiwa aje.

Fanya hivi kwa sura tano za mwanzo. Kufikia ya 6, sauti za wahusika zinakuwa kichwani na unaweza kuendelea kimya kimya.

## Hatua ya 4: Ukurasa wa majina, na maneno machache ya kazi

Dickens huleta mtu sura ya 1 na kumrudisha sura ya thelathini na kitu kana kwamba mlionana jana. Bila ukurasa wa majina utapotea. Andika jina, kazi yake, na kitu kimoja unachomkumbukia: wakili Jaggers ananukia sabuni ya manukato na hunawa mikono kila akimaliza mteja; karani wake Wemmick ana mdomo kama tundu la kutumbukizia barua posta.

Mitego mitatu ya majina nikuambie mapema.

Mrs Joe ni dada yake Pip. Joe ni shemeji yake, mhunzi, aliyemlea pamoja naye. Wengi husoma sura mbili nzima wakidhani Mrs Joe ni mama wa kambo.

Kuanzia sura ya 22, Herbert, rafiki wa Pip huko London, anamwita Pip "Handel". Hakuna mhusika mpya. Handel alikuwa mtunzi wa muziki, na kuna muziki wake unaojulikana kwa jina la mhunzi. Herbert anamtania Pip kwa sababu ametoka kwenye karakana ya uhunzi. Mimi kitabu nilikifungia hapa mara ya pili. Nilitafuta Handel ni nani kurasa ishirini nzima nikakata tamaa.

Na kuna mtu mmoja, baada ya sura ya 39, atakayetumia jina zaidi ya moja. Mwachie mistari miwili mitupu.

Maneno ya Kiingereza yanayorudi mno, na maana zake:

- forge: karakana ya mhunzi
- anvil: fuawe
- file: tupa
- marshes: vinamasi
- the Hulks: meli kuukuu zilizotolewa milingoti zikafanywa magereza
- apprentice: mwanagenzi
- convict: mfungwa wa jinai

Tupa hasa usiisahau. Sura ya 10 kuna mgeni kwenye kilabu cha pombe anayekoroga ramu yake kwa kitu fulani huku akimtazama Pip. Asiyejua "file" ni nini anapita hapo bila hata kugeuza shingo, na amepitwa na moja ya matukio ya kutisha zaidi kitabuni. Mgeni huyohuyo anampa mtoto shilingi iliyofungwa kwenye noti mbili za pauni moja moja. Hesabu ya pesa zao ilikuwa hivi: pauni ni shilingi 20, shilingi ni peni 12, gini ni shilingi 21. Kwa hiyo alichofungia kilikuwa na thamani mara 40 ya kilichofungwa. Ndiyo maana nyumba nzima inahangaika.

Maneno mengine mapya: tafuta matatu tu kwa kila sura. Yaliyobaki yaache yapite.

## Hatua ya 5: Tenganisha Pip wawili

Hii ndiyo hatua wanayoiruka, na bila hii kitabu ni hadithi ya kijana mwenye kiburi asiyependeka.

Anayesimulia ni Pip mtu mzima. Anayefanya mambo ni Pip mtoto, kisha kijana. Mtu mzima anajua yote, na karibu kila ukurasa anajisuta, mara nyingi kwa kejeli. Chukua penseli, na kila mahali unaposikia sauti ya mtu mzima akimhukumu kijana, piga mstari pembeni.

Anza na sura ya 4. Ni chakula cha Krismasi. Pip ameiba chakula cha ndani akampelekea mfungwa, na anasubiri igundulike. Wageni wakubwa wanamsema mezani kwa zamu: watoto hawana shukrani, watoto ni waovu kwa asili. Joe anaogopa mkewe, hawezi kumtetea kwa maneno. Kila Pip anaposhutumiwa, Joe anamwongezea mchuzi. Wanasema, mchuzi. Wanazidi kusema, mchuzi zaidi. Kuna wakati anammiminia karibu robo lita nzima kwenye sahani.

Mtoto anaona mchuzi tu. Anayeandika, miaka mingi baadaye, anajua ule ulikuwa upendo wa mtu asiye na njia nyingine ya kuuonyesha. Pengo hilo kati ya wawili hao ndilo lililofanya kitabu kidumu, wala si ile nyumba ya bibi harusi ambayo kila mtu anaitaja.

Ukiliona pengo hilo, nyumba ya bibi harusi yenyewe inasomeka tofauti. Sura ya 8 Pip anapelekwa kwa Bi. Havisham, aliyeachwa siku ya harusi, akasimamisha saa zote saa tatu kasoro dakika ishirini na hajavua gauni tangu siku hiyo. Msomaji hukodolea macho gauni na mshumaa. Tazama kitu kingine: msichana Estella, anayecheza karata na Pip, anamcheka kwa jina ambalo Pip anaipa karata moja, kwa mikono yake migumu na kwa buti zake nzito. Kabla ya siku hiyo Pip hakujua kuwa ana mikono. Anarudi nyumbani akiwa ameanza kuona aibu, na kitu cha kwanza anachokionea aibu ni Joe, kwa sababu Joe ndiye aliyemfundisha kuita karata vile.

Sisi tuna neno la kutusaidia hapa kuliko Kiingereza chenyewe. Pip anataka kuwa "gentleman", nasi tutasema muungwana. Neno muungwana pwani lilimaanisha mtu huru, mwenye asili, asiye mtumwa wa mtu. Na wakati huohuo linamaanisha mtu wa tabia njema. Ndiyo maana tunasema uungwana ni vitendo: tunakumbushana maana ya pili kila mtu anapojivunia ya kwanza. Pip anafukuza maana ya kwanza kwa miaka, na maana ya pili imeshika nyundo kule karakanani.

Hata jina la kitabu litazame upya. "Expectations" kwa lugha ya wakati ule ilikuwa mali mtu anayotarajia kuipata, urithi. Si matumaini ya moyoni. Sura ya 18 Jaggers anapolitamka, anazungumzia pesa.

## Hatua ya 6: Vuka bonde la London, sura ya 20 hadi ya 38

Hapa ndipo kaburi la wasomaji lilipo. Kasi inapungua, watu wapya ni wengi, Pip anakopa na kula na kuvaa. Wengi huona hakuna kinachotokea.

Kuna mbinu mbili. Ya kwanza ni kutegesha vituo. Sura ya 25, nyumbani kwa Wemmick: karani mkavu wa ofisini ana kijumba alichokijenga kama ngome, chenye daraja la kunyanyua na mzinga unaopigwa kila usiku saa tatu, na baba yake mzee kiziwi anayefurahi ukimtikisia kichwa. Sura ya 31 ni mchezo wa jukwaani ulioharibika wote, cheka tu. Mahesabu ya madeni sura ya 34 yasome harakaharaka, hayana zaidi ya yale unayoyajua mwisho wa mwezi.

Mbinu ya pili ni kuitengea sura ya 27 jioni nzima.

Joe anakuja mjini kumtembelea Pip. Pip anakiri waziwazi kwamba kama angeweza kumzuia kwa kulipa pesa, angelipa. Kisha anamsikia ngazini. Anajua ni Joe kwa sababu ya buti za sikukuu, ambazo siku zote zinampwaya, na kwa sababu anasimama kila ghorofa kusoma majina ya milangoni. Anaingia. Hajui aweke wapi kofia. Anaiegesha pembeni ya rafu ya juu ya jiko la ukutani, inaanguka. Anaidaka, anairudisha, inaanguka tena. Herbert anamuuliza chai au kahawa, Joe anasema chochote anachopenda mwenyewe. Herbert anasema kahawa. Joe ananyong'onyea, anauliza kwa adabu kama kahawa haiwapi joto mwilini. Kofia inaanguka. Mwishowe inatumbukia kwenye bakuli la makapi ya chai.

Na muda wote huo Joe, aliyemlea, anachanganya "Pip" na "sir". Mara jina, mara heshima ya mgeni.

Tunacheka kofia. Pip hacheki, amekasirika. Halafu wanabaki wawili, na Joe anasema, kwa utulivu wa ajabu, kwamba kosa liko kwenye hizi nguo. Yeye si wa hapa. Pip akimtaka aje amtazame dirishani akiwa karakanani na nyundo mkononi, hapo hatamwona na kasoro kubwa hivi. Anaondoka. Pip anazinduka, anakimbia nje kumtafuta mitaa ya jirani. Hayupo.

Sura ya 28 inafuata, na ni fupi na kali: Pip anakwenda kijijini, na njiani anajitungia sababu za kulala hotelini badala ya kwa Joe. Atawasumbua. Hawajajiandaa. Kitanda hakitakuwa tayari. Kila aliyewahi kurudi nyumbani kutoka mjini akapanga gesti anazijua sababu hizo kwa majina.

Utajua umevuka ukifika sura ya 35, kwenye msiba, na ukajikuta unamkasirikia Pip kwa ahadi anayoitoa. Anayekasirika amekwisha kuwa ndani.

## Hatua ya 7: Sura ya 39 peke yake

Usiku. Mvua na upepo. Pip ana miaka 23, yuko peke yake, anasikia hatua ngazini.

Zima data. Usisome sura ya 38 siku hiyohiyo, na ya 40 usiiguse hadi kesho. Kama unasoma na mwenzako, pigianeni simu mkimaliza. Halafu rudi sura ya 1 usome kurasa mbili tu. Utaelewa kwa nini nimekataa kusema zaidi.

Kuanzia hapa hutahitaji ratiba. Tatizo litakuwa kujizuia, na kwa sura ya 53 na 54 nakuruhusu usijizuie.

## Hatua ya 8: Soma miisho yote miwili

Ukimaliza sura ya 59, bado kidogo. Dickens aliandika mwisho mwingine kwanza, ambamo Pip na Estella wanakutana barabarani London kwa muda mfupi, yeye ameolewa tena, wanaagana. Rafiki yake mwandishi Edward Bulwer-Lytton alimshawishi aubadilishe. Mwisho wa kwanza ulikuja kujulikana kupitia wasifu wa Dickens ulioandikwa na John Forster. Matoleo mengi ya karatasi yanauweka nyuma ya kitabu.

Hata mwisho uliochapishwa, soma sentensi yake ya mwisho polepole. Anasema hakuona kivuli cha kuachana tena. Hakusema hawakuachana. Ubishi wa watu wawili kuhusu sentensi hiyo ukichukua saa nzima, mmesoma vizuri. Mimi nauamini mwisho wa kwanza, lakini nimeshindwa kwa kura kila mara.

## Hatua ya 9: Sasa filamu, kwa mpangilio huu

Sababu ya kuziweka mwisho ni ile ya Hatua ya 5. Kamera inamwona Pip mmoja tu, aliyeko mbele yake. Yule wa pili, anayejisuta, hana sura. Kila mtengenezaji filamu analazimika kutafuta pa kumweka, na ukiwa umesoma utaona nani ameweza.

Kwanza, ya David Lean, 1946. Haina rangi, ni ya saa mbili hivi, na ilipata Oscar mbili, ya upigaji picha na ya usanii wa mandhari. Dakika zake za kwanza kule makaburini, na miti inayolia, zinafundishwa hadi leo. Lean amempa Pip sauti ya kusimulia juu ya picha, ndiyo njia yake ya kumrudisha yule wa pili. Orlick, mfanyakazi mwovu wa karakanani, kamwondoa kabisa, na sidhani kama utamkumbuka. Mwisho ameutengeneza wake: mapazia yanang'olewa, jua linaingia. Kwenye skrini unafaa. Kitabuni ungekuwa uongo.

Pili, moja kati ya BBC ya 2011, yenye sehemu tatu na Gillian Anderson kama Bi. Havisham, au ya Mike Newell ya 2012, yenye Helena Bonham Carter na Ralph Fiennes. Chagua moja, usitazame zote mfululizo.

Tatu, zilizohama nchi. Ya Alfonso Cuarón, 1998, imehamia Florida na New York, Pip anaitwa Finn na ni mchoraji. Fitoor ya 2016 ni ya Kihindi, imehamia Kashmir, na Tabu ndiye aliye kwenye nafasi ya Bi. Havisham. Waliolelewa na filamu za Kihindi wataiona hadithi hii imefika nyumbani: begumu aliyeumizwa, jumba, theluji, mtoto wa kimaskini anayependa juu ya uwezo wake.

Ile ya 2023 yenye Olivia Colman iwe ya mwisho, maana inabadili mengi na inahitaji mtu anayejua kilichobadilishwa.

Kwa kila moja tumia kipimo cha kofia: nenda kwenye tukio la Joe kuja mjini. Je, lipo? Limepewa muda gani? Mnacheka nani, Joe au Pip? Cuarón, aliyebadili karibu kila kitu, hakuthubutu kuliondoa hilo. Joe wake anajitokeza kwenye maonyesho ya picha New York, mbele ya matajiri, na tumbo linakukata vilevile. Iliyolipitia juujuu, hata iwe na mavazi ya thamani gani, mimi huizima.

## Ukikwama katikati

Usianze upya sura ya 1. Anayeanza upya mara tatu anaijua sura ya 1 kama sala na hajui kingine. Soma ukurasa wako wa majina, soma aya ya mwisho uliyoiacha, endelea.

Kama Kiingereza ndicho kinachokushinda kweli, jipashe kwa kitabu kingine cha enzi hiyohiyo kilichokwisha kufanyiwa tafsiri. Wazee wetu walisoma Kisiwa Chenye Hazina (Treasure Island) na Mashimo ya Mfalme Sulemani (King Solomon's Mines) kwa Kiswahili shuleni, na nakala bado zinaonekana kwa wauza vitabu vya mtumba. Weka Kiswahili kushoto na Kiingereza kulia kwa sura chache, halafu urudi kwa Pip.

Na kama si Kiingereza, ni uchovu tu, rudi sura ya 4. Hesabu mara ngapi Joe anamimina mchuzi.